Mchezo wa Chaki: Zebaki Inafikaje Nyumbani?

Rafiki msomaji, kama unasoma Geita, Sengerema au Mwanza mjini, huenda unamjua kijana aliyekwenda machimboni wakati wa likizo kusaka hela. Huko wachimbaji wadogo wengi huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu. Kisha huchoma donge linalopatikana: zebaki inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki. Wapo wanaochomea kwenye jiko la mkaa nyumbani!

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta unaingia kwenye damu kupitia mapafu, na hudhuru ubongo na figo. Dalili ni kama mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kusahausahau. Mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo ndio wako hatarini zaidi.

Ukimweleza mtu haya anaweza kukucheka. Basi tucheze!

VIFAA: chaki iliyosagwa, sufuria, kikombe, shati kuukuu, khanga iliyokunjwa kama mtoto mchanga.

JINSI YA KUCHEZA

1. Mmoja ni Mchimbaji, wanne ni familia yake. Mchimbaji atoke nje, ajipake chaki mikononi na kwenye shati. Chaki ndiyo zebaki.

2. Aingie "nyumbani", asalimie kwa mkono, abebe mtoto, afunue sufuria, ashike kikombe. Dakika 3 zinatosha.

3. Simama! Kagueni watu na vyombo. Kila penye chaki ni pointi 1 ya hatari.

4. Rudieni, lakini sasa Mchimbaji avue shati hilo, avae jingine na kunawa kwa sabuni kabla ya kuingia. Hesabuni tena.

JADILINI

Chaki mmeiona. Je, mvuke mngeuonaje? Na kunawa kutaondoa kilichokwisha kuingia mapafuni? La hasha!

Kwa hiyo zebaki isichomwe nyumbani kabisa. Anayechoma atumie chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki, tena mahali pa wazi mbali na watu. Bora zaidi ni kuachana nayo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020.

Na wewe uliye chini ya miaka 18? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza watoto kufanya kazi ya machimbo.

Kama kaka au mama anatetemeka mikono, mpeleke kituo cha afya. Amwambie mganga wazi: "Nafanya kazi na zebaki." Asifiche!