Kikombe Ndani ya Gunia la Benyamini

SOMO LA WIKI
Soma: Mwanzo 44:1-17, 33, Kumbukumbu la Torati 19:15 na 24:14-15

Jumapili tulisoma habari ya Benyamini, muda ukatuishia njiani. Naomba tumalizie hapa, kwa sababu kuna jambo langu mwenyewe ndani yake.

Mnakumbuka. Msimamizi wa nyumba ya Yusufu anawafuata wale ndugu mbio, anapekua magunia kuanzia la mkubwa hadi la mdogo, na kikombe cha fedha kinaonekana kwa Benyamini. Ungekuwa pale ungesema nini? Mwizi ameshikwa! Lakini mstari wa 2 umeshatuambia kilivyoingia humo. Kikombe alikuwa nacho, na hakuiba. Yusufu mwenyewe, akiwa mtumishi nyumbani kwa Potifa, alifungwa kwa sababu ya nguo. Nguo ilikuwa yake kweli. Maneno ndiyo yalikuwa ya uongo.

Mtumishi wa nyumbani ndiye rahisi kushukiwa. Anajua funguo zinakaa wapi, anatandika vitanda, anafua suruali zetu na vilivyomo mifukoni. Uingereza ya Malkia Victoria, sheria ya mwaka 1861 iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa mtumishi aliyemwibia bwana wake. Fikira hiyo ikaja huku na wakoloni. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoanza 1930, inampa mwizi wa kawaida hadi miaka 3 (kifungu cha 275), lakini mfanyakazi akimwibia mwajiri ni hadi 7 (kifungu cha 281). Na wazee wetu waliotoka Bungoma kuja kufanya kazi kwa wazungu hapa Trans Nzoia walivaa kipande shingoni. Mzungu asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huandikwi kwingine. Hayo tunayasimulia kwa uchungu. Halafu tunaingia nyumbani kwetu.

Mwezi wa nne, pesa za sare za kwaya, shilingi 8,500, zilipotea kwangu. Mke wangu alisema tutafute kwanza. Nikamjibu, nani mwingine huingia chumba kile? Nikaamuru begi la msichana wetu wa kazi limwagwe mbele ya watoto. Hatukupata kitu, nami nikasema basi ameshatuma kwa M-Pesa. Jioni hiyo alipanda matatu ya Bungoma analia, bila mshahara wa mwezi. Nikawaonya wazee wa kanisa na majirani wasimchukue.

Baada ya wiki tatu nikaiona bahasha. Mfuko wa koti nililovaa kwenye matanga kule Kiminini ulikuwa umetoboka, ikateleza ndani ya bitana.

Andiko linasema shahidi mmoja hatoshi. Mimi nilikuwa mshtaki, shahidi na hakimu, jioni moja. Hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazi. Hausigeli hana mwenzake pale nyumbani, basi mwite shangazi yake, au mama wa kanisa anayemwamini. Benyamini alikuwa na Yuda wa kusimama mbele yake. Huyu wetu ana nani? Na hata ukimfukuza, siku alizofanya kazi zinalipwa (kifungu cha 18), na Musa anasema kabla jua halijatua. Kama una ushahidi wa kweli, polisi wapo, na Katiba, ibara ya 50, inamhesabu hana hatia mpaka korti iamue. Kumpiga au kumfungia chumbani, hapana.

Ijumaa tulikwenda kwao, mimi na mke wangu, kupitia Kamukuywa na Webuye. Nilibeba mshahara wake, nikaomba msamaha. Msichana alikaa kimya akiangalia chini. Mama yake alitupikia chai, akapokea pesa kwa mikono miwili, kisha akauliza, "Pasta, na wale uliowaambia ni mwizi, umewarudia?"

Nilikuwa bado.

Kwa hiyo naandika. Mnamjua, ndiye aliyekuwa akikaa benchi la nyuma na watoto wetu. Hakuiba. Pesa zilikuwa kwenye koti langu.