Mto na Harimu Yake

Kila masika yakifika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya tofali. Watu husema, "Sabaki imeshuka," kisha kila mmoja hushika njia yake. Ni wachache wajiulizao udongo ule ulikuwa shamba la nani. Na sehemu ya maji tunywayo hapa Mombasa yatoka Baricho, katika mchanga wa mto huo huo. Basi jambo hili si la wageni.

Lakini Sabaki ni mto mrefu mno kwa darsa moja. Tumechagua mto mfupi kuliko huo, tupate kuufuata toka chemchemi hata mwisho wake: nao ni Sondu, mto mkubwa wa upande ule wa Kiptere, katika nchi ya Kericho, uingiao Ziwa Viktoria.

Maji yake yazaliwa katika msitu wa Mau. Mvua ya msituni haikimbii. Huangukia majani, ikanywewa na udongo, kisha ikatoka pole pole hata katika miezi ya kiangazi. Mwaka 2001 Serikali ilizitoa zaidi ya hektari 60,000 za misitu ya Mau katika hifadhi. Wako kwetu wasemao chemchemi ikikauka kuwa pepo wake amehama. Sisi twasema: tazameni kwanza panga na shoka.

Wataalamu waliovipima vijito vya Mau ya kusini magharibi walikuta jambo la kuzingatiwa. Vijito vya mashamba ya wakulima wadogo vilibeba udongo mwingi zaidi kuliko vya msituni na vya mashamba makubwa ya chai. Lakini vile vya chai, ambavyo macho huviona safi, vilizidi kwa nitireti, yaani chumvi itokayo katika mbolea. Kwa hiyo hatumtwiki mkulima mdogo mzigo wote. Yeye shamba lake limegawanywa baina ya watoto mpaka limefika majini, na ng'ombe wake hushuka kunywa kwa njia moja, ambayo mvua ikinyesha huwa mfereji wa matope.

Matope hayo na mbolea hiyo huteremka mpaka ziwani, yakachanganyika na taka za miji. Hapo ndipo gugu maji lilipopata chakula. Mwaka 1998 lilikuwa limetanda kiasi cha hektari 17,000 katika ghuba ya Winam, na mashua zikashindwa kutoka. Kisha wadudu walioletwa makusudi kulila, pamoja na mvua kubwa na mawimbi, wakalipunguza. Wala halijesha hata leo.

Kisa cha ningu chatusikitisha zaidi. Samaki huyu hukaa ziwani, na mvua zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Wajaluo walikuwa wakimtega katika Sondu kwa nyua za fito, na watu wa juu na wa chini wote wakapata kitoweo. Zilipokuja nyavu za kisasa zikawekwa midomoni mwa mito, ningu akawa avuliwa kabla hajataga, akaadimika kabisa. Hapo hapakuwa na ukame wala gharika; ni mkono wa mtu tu.

Ni nini kiwezacho kuuzuia udongo usiingie mtoni? Ni ukingo ulioachwa na miti yake, nyasi zake na mafunjo yake. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliutenga kwa kadiri ya upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi 30. Mwanafunzi wa fiqhi hatalistaajabia hili, kwani amesoma katika mlango wa kuhuisha ardhi kwamba mto una harimu yake, wala haijuzu mtu kuimiliki wala kujenga juu yake. Twamsoma mlango huo kila mwaka, na hatujamsikia khatibu hata mmoja akiutaja juu ya mimbari.

Darsa ijayo, inshallah, twarejea Sabaki, na tutaanzia Baricho.