Betri ya Pili Garini: Somo kwa Madereva na Mafundi wa Barabara za Mipakani

Magari ya safari yanayotoka Bujumbura huelekea pande nyingi. Yapo yanayokwenda Gatumba kuvuka kuingia Kongo, na yapo yanayofuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge na Nyanza-Lac hadi Mugina. Mengine hupanda milima kwenda Kobero kwenye mpaka wa Tanzania, au huwapeleka wageni katika msitu wa Kibira na hifadhi ya Ruvubu. Mengi ya magari hayo, hasa yale ya porini aina ya Land Cruiser na Hilux, leo hubeba friji ndogo, taa za kambini, redio na chaja za simu. Vyombo hivyo vyote hula umeme, na mara nyingi huula kutoka katika betri moja, ile ile inayotegemewa kuwasha injini.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaolinda barabara. Gari lililolala porini friji ikifanya kazi usiku kucha laweza kukataa kuwaka alfajiri, na abiria wake wakabaki mahali pasipo nyumba wala mtandao wa simu. Hatari huwa kubwa zaidi gari linapozimika barabarani. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama hupanda kutoka usawa wa ziwa, mita zipatazo 770, hadi zaidi ya mita 2,000, penye kona kali na ukungu. Katika barabara hiyo waendesha baiskeli huteremka kwa kasi wakiwa wamebeba ndizi na makaa. Gari lililosimama kwenye kona bila taa za hadhari, kwa kuwa betri imekwisha, ni mtego kwao na kwa kila anayekuja nyuma. Ndiyo maana katika toleo hili tunafundisha namna ya kuweka betri ya pili kwa usalama. Msingi wa somo ni mmoja: umeme wa kuwashia injini usichanganywe na umeme wa matumizi, na kila waya ulindwe kwa fyuzi.

Betri mbili, kazi mbili

Betri ya kuwashia injini imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Bamba za risasi zilizomo ndani yake ni nyembamba na nyingi. Ikinyonywa polepole usiku kucha, tena na tena, bamba hizo huharibika, na betri hufa kabla ya wakati wake. Betri ya matumizi ina bamba nene zinazostahimili kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hata hivyo, nayo ina mpaka wake: betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila madhara makubwa, nayo ni nyepesi zaidi, ila bei yake ni kubwa na huhitaji chaja inayoifaa.

Hali ya betri ya risasi hujulikana kwa kipima volti, kifaa ambacho kila dereva wa safari anapaswa kuwa nacho. Ipimwe ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, injini ikiwa imezimwa na vyombo vyote vimefungwa. Ikisoma volti 12.6 au 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikisoma 12.0, imebaki kama robo, na chini ya 11.8 ihesabiwe kuwa imekwisha.

Pima mahitaji kabla ya kununua

Wengi hununua betri kwa kutazama ukubwa wa kasha lake. Njia iliyo bora ni kupiga hesabu ya siku moja. Tuchukue mfano wa gari la wageni wanne. Friji ya wati 45, ambayo mota yake huzunguka theluthi moja ya siku, yaani saa 8, hula wati-saa 360. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 5 hula wati-saa 50. Simu tatu, kila moja wati-saa 15, hula 45. Jumla ni wati-saa 455. Tukigawanya kwa volti 12, tunapata karibu ampea-saa 38 kwa siku.

Kwa kuwa betri ya risasi hutumiwa nusu tu, gari hilo linahitaji betri isiyopungua ampea-saa 76. Ile ya ampea-saa 100 ndiyo chaguo la busara, kwa sababu joto la Bujumbura na umri hupunguza uwezo wa betri mwaka hadi mwaka.

Hesabu hiyo yafundisha jambo jingine. Betri iliyopungukiwa ampea-saa 38, ikijazwa kwa ampea 20, huhitaji karibu saa mbili za injini, na sehemu ya mwisho ya betri ya risasi hujaa polepole zaidi. Safari ya kutoka mjini hadi Gatumba haifiki kilomita 20. Dereva anayefanya safari fupi kama hiyo tu kila siku asidhani betri yake ya pili inajaa. Na kuacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, kwa ajili ya kujaza betri, ni kupoteza mafuta ambayo sote tunajua yalivyo adimu nchini mwetu katika miaka hii.

Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza ni swichi ya mkono. Dereva huiunganisha injini ikiwaka na kuitenganisha anapoegesha. Ni rahisi na haina mengi ya kuharibika, ila inategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Akisahau usiku mmoja tu, betri zote mbili hunyonywa pamoja, na faida ya kuwa nazo mbili hupotea.

Njia ya pili ni rilei inayosoma volti. Injini ikiwaka na volti ikifika karibu 13.3, rilei hufunga na betri zote mbili hujazwa. Injini ikizimwa na volti ikishuka hadi karibu 12.8, rilei huachia yenyewe. Njia hii yafaa kwa magari ya zamani, ambayo alteneta yake hutoa volti zisizobadilika sana, na kwa betri mbili zote za risasi.

Njia ya tatu ni chaja ya kati, inayopokea umeme wa alteneta na kuutoa kwa kipimo kinachoifaa betri ya pili. Ni ghali kuliko nyingine. Hata hivyo ni ya lazima kwa betri ya lithiamu, kwa kuwa lithiamu hupokea umeme kwa pupa na yaweza kuichosha alteneta hadi iungue. Ni ya lazima pia kwa magari mapya ambayo kompyuta yake hushusha volti za alteneta ili kupunguza matumizi ya mafuta.

Waya na fyuzi

Hapa ndipo moto huanzia, na hapa tunaomba wasomaji wetu watulie. Waya mwembamba huleta madhara mawili: hupoteza umeme njiani, na hupata joto. Tuseme betri ya pili imewekwa nyuma ya gari, mita 5 kutoka ya kwanza, na waya unapitisha ampea 30. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo twahesabu mita 10 za shaba. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza karibu volti 0.9. Alteneta ikitoa 14.2, betri itapata 13.3 tu, nayo haitajaa vizuri kamwe. Waya wa milimita mraba 16 hupoteza karibu volti 0.3, na betri hupata 13.9. Tofauti ya bei ya waya hizo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya betri inayokufa mapema.

Kuhusu fyuzi, kosa linaloonekana mara nyingi ni kuweka moja tu, upande wa betri ya mbele. Waya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme katika kila ncha. Ukichubuka katikati na kugusa chuma cha gari, fyuzi ya mbele itakatika, lakini betri ya nyuma itaendelea kumwaga mamia ya ampea katika waya ule ule hadi uwe mwekundu. Kwa sababu hiyo fyuzi ziwe mbili, kila moja isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri yake. Kwa waya wa milimita mraba 16 uliotajwa, fyuzi ya ampea 60 yafaa. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, kwa hiyo ipimwe kwa uwezo wa waya. Anayebadilisha fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya au msumari amekiondoa kinga kile kilichokuwa kati yake na moto.

Onyo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kwa uhaba wa mafuta, wapo wanaobeba madumu ya petroli, ambayo wengi huiita esansi, ndani ya gari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, na hungoja cheche moja. Rilei, swichi na vichwa vya betri vilivyolegea, vyote hutoa cheche. Betri na petroli visikae katika chumba kimoja cha gari lenye watu.

Kufunga kwa mikono salama

Mafundi wa Buyenzi na wa miji ya mipakani wana ujuzi wa kutosha wa kazi hii. Mwenye gari anayejua la kuuliza hupata kazi iliyo bora. Aulize haya: Je, betri imefungwa kwa mkanda wa chuma, isiweze kuruka gari likipinduka? Je, betri ya risasi yenye maji imewekwa mahali penye hewa? Betri hiyo ikijazwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Je, kila waya unaopita kwenye tundu la bati umevishwa mpira? Je, betri ya lithiamu imewekwa mbali na joto la injini?

Fundi anapoanza, aondoe kwanza waya wa hasi, na anapomaliza, aurudishe mwisho. Kwa njia hiyo spana ikigusa chuma cha gari haitoi cheche. Utaratibu huohuo hufaa katika kumsaidia jirani ambaye gari lake limekataa kuwaka: chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri nzima, na mwisho wa waya wa hasi ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake.

Mwenye kukaa kambini siku nyingi anaweza kuongeza paneli ya sola. Nchi yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo paneli iliyolazwa juu ya paa hupata jua vizuri karibu mwaka mzima. Paneli ya wati 100, katika siku yenye jua zuri, yaweza kurudisha ampea-saa zipatazo 25 hadi 30. Lazima iwe na kidhibiti chake, ili betri isijazwe kupita kiasi.

Mpakani na nyumbani

Betri ni mali inayoibwa kwa urahisi na kuvushwa kwa urahisi. Nunua penye risiti, andika namba ya betri katika daftari lako, na chora alama yako kwenye kasha. Betri inayouzwa usiku kwa bei ya kutupa huenda ndiyo iliyomkwamisha mwenzako njiani. Ukifika mpakani, risiti hiyo huwaonyesha watu wa forodha kwamba kifaa ni sehemu ya gari. Waya ukiwa umepangwa na kisanduku kinafunguka, ukaguzi huwa mfupi, kwa maana askari huona mara moja kilichomo.

Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani, wala asidi yake isimwagwe katika Rusizi au ziwani. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto, hata kwa kiasi kidogo. Irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa vyuma anayejulikana.

Kabla ya kuondoka, dereva na atazame mambo matano: volti za betri zote mbili, vichwa vya betri kama vimekaza, fyuzi za akiba za kipimo kilekile, waya wa kusaidiana, na pembetatu ya hadhari. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Gari likizimika hata hivyo, pembetatu iwekwe kwanza, abiria watoke barabarani, kisha kituo cha polisi kilicho karibu kijulishwe. Tutakuja, lakini tungependa zaidi kuwapungia mkono mkipita salama.