Madaraka na Malezi ya Nafsi: Somo Kutoka Azimio la Arusha

Katika somo hili tunajiuliza: mwenye madaraka hufanywa mwadilifu na nini, sheria inayomzuia au nafsi iliyolelewa?

Mfano tunao karibu. Kutoka Ngarenaro si mbali kufika Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Wengi hulikumbuka kwa siasa ya ujamaa. Lakini lilibeba pia masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Wazo hilo ni la kale. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwanyima walinzi wa dola mali binafsi ili wasitawaliwe na faida yao. Hata hivyo, humo humo tunasoma habari za pete ya Gyges, inayomfanya mvaaji asionekane. Swali ni hili: asiyeonekana na mtu, atatenda haki bado? Sharti humbana anayeonekana. Nyumba ya kupangisha yaweza kuandikwa kwa jina la mjomba.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti yale. Kilichowekwa na kikao kiliondolewa na kikao. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985, aliendelea kuishi maisha ya kiasi kijijini Butiama. Kiasi chake hakikutegemea kikao.

Je, sheria ni bure? Hapana. Aristotle anafundisha kwamba tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, kama fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza kwamba sheria humzoeza mtu mema mpaka ayatende kwa hiari. Sheria ni mlezi. Lengo lake ni fadhila.

Nietzsche alipinga: kwake unyenyekevu ni maadili ya wanyonge. Injili yajibu. Yesu aliwaosha wanafunzi miguu akijua kwamba Baba amemkabidhi vyote mikononi (Yn 13:3-5). Hakuinama kwa kukosa uwezo. Mtakatifu Augustino naye anatuonya kwamba anayetamani kutawala wengine, tamaa hiyo humtawala yeye kwanza.

Kwa hiyo malezi hayaanzi siku ya upadirisho wala siku ya uchaguzi wa halmashauri ya parokia. Yanaanza kwa mseminari aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo, na kwa mweka hazina anayehesabu mchango wa jumuiya akiwa peke yake. Tukizoea kumega kidogo leo, kesho tutamega parokia.

Maswali ya kutafakari:
1. Ni madaraka gani madogo tuliyo nayo sasa?
2. Tungeyatumiaje kama hakuna anayetuona?