SOMO LA MFUGAJI: Je, Mbegu Bora ya Alfalfa Hulipa?

Wakazi wengi wanaokusudia kulima alfalfa kwa ajili ya hei husita wanapoona kuwa mbegu iliyoboreshwa huuzwa ghali kuliko ya kawaida. Somo hili linaeleza namna ya kulipima jambo hilo kwa hesabu kabla ya kutoa fedha.

Gharama igawanywe kwa miaka

Alfalfa si zao la msimu mmoja. Ikitunzwa vyema, shamba huvunwa kwa miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo bei ya mbegu isibebeshwe mwaka wa kwanza pekee.

Tuchukue ekari moja inayohitaji kilo 8 za mbegu. Ikiwa mbegu ya kawaida ni shilingi 20,000 kwa kilo na iliyo bora ni shilingi 45,000, tofauti ni shilingi 200,000. Shamba likidumu miaka 4, tofauti hiyo ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Iwapo kila robota la hei hubakiza shilingi 5,000 baada ya gharama za kukata, kukausha na kufunga, yanahitajika marobota 10 ya ziada kwa mwaka ili fedha irudi. Kwa mavuno 6 kwa mwaka, hayo hayafiki marobota 2 kwa kila mkato. Lakini shamba likifa baada ya miaka 2, yatahitajika marobota 20 kila mwaka. Bei hizi ni za mfano. Weka bei za kata yako.

Kinachonunuliwa ni ustahimilivu

Mwaka 1977 vidukari wenye madoa waliingia Australia na kuharibu mashamba ya aina ya zamani iitwayo Hunter River. Aina zenye ukinzani, kama CUF 101 ya California, zilistahimili.

Mbegu bora haiokoi shamba baya

Alfalfa haivumilii udongo wenye tindikali wala maji yaliyotuama. Mbegu ichanganywe na bakteria wa vinundu vya mizizi kabla ya kupandwa. Kata pale takribani shina 1 kati ya 10 linapochanua. Usigeuze majani yaliyokauka wakati wa jua kali, kwani majani hupukutika, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya protini.

Kabla ya kununua mbegu, mwone Afisa Ugani wa kata yako kuhusu upimaji wa udongo. Asiye na maji ya uhakika wakati wa kiangazi aanze na eneo dogo.