Dondoo muhimu: Kupima volti kubwa na ndogo kwa Arduino Uno

Pini za analogi za Arduino Uno husoma volti 0 hadi 5 tu, kwa hatua 1,024 za takriban milivolti 4.9. Ili kupima nje ya hapo:

• Volti kubwa, zigawe. Unganisha rezista ya kilo-omu 30 na ya 10 kwa mfululizo, kisha pima kwenye ile ya 10. Betri ya sola yenye volti 14.4 itafika kwenye pini ikiwa 3.6, zidisha kwa 4 kwenye programu.

• Volti ndogo, shusha kikomo. Amri ya analogReference(INTERNAL) huweka kikomo cha volti 1.1, na hatua hupungua hadi milivolti 1.1 hivi. Kikomo halisi hutofautiana kati ya chipu na chipu. Kihakikishe kwa multimita kwenye pini ya AREF.

• Rudia kusoma. Jumlisha vipimo 16, gawa kwa 4: utapata hatua takriban 4,096, mradi usomaji unachezacheza kidogo.

• Tahadhari: Usiunganishe kamwe umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye pini hizi. Utaunguza bodi, na unaweza kupoteza maisha.