Pointi Haiulizi Umecheza wa Ngapi

SOMO LA WIKI
Soma: 1 Samweli 30:9–25



Majuzi baada ya ibada dada mmoja alinijia pembeni. Akasema, "Pasta, mimi naacha huduma. Miaka sita napanga viti na kufagia, na hakuna mtu hata anajua jina langu." Sikumjibu haraka. Nilimwambia, "Nipe wiki moja." Jibu lenyewe nimelipata mahali ambapo sikutarajia: kwenye mchezo unaoitwa bowls, ule wa kuviringisha mipira kwenye nyasi iliyokatwa ikawa laini kama zulia. Waingereza ndio waliuleta hapa kwetu, na kuna klabu Nairobi ambazo bado zinaucheza.

Wacha nieleze kwa ufupi. Timu huwa na watu wanne. Kila mmoja anaviringisha mipira 2, kwa hivyo timu ina mipira 8 katika kila raundi, na wapinzani 8. Shabaha ni kipira kidogo ambacho kinakaa mbali, mita 23 au zaidi kutoka mkeka wa kuchezea. Na ile mipira mikubwa haiendi moja kwa moja. Imeundwa ipinde njiani. Atakayekaribia kipira ndiye anapata pointi.

Sasa angalia hao watu wanne.

1. Wa kwanza anatandika. Yeye ndiye anaweka mkeka, anaviringisha kipira, kisha anarusha mipira yake miwili ilhali uwanja ni mtupu. Hakuna anayempigia makofi. Lakini akiweka mpira vizuri, wapinzani wanaanza kusumbuka mapema. Akiuacha mfupi, umekaa katikati ya njia, anawafungia njia ndugu zake mwenyewe! Na akimaliza, amemaliza. Bado kuna mipira 12 ya kuchezwa, na yeye hawezi kugusa hata mmoja. Kazi yake anawaachia wengine.

2. Wa pili anaziba mapengo. Kama wa kwanza alikosea, yeye anarekebisha. Kama wa kwanza alifanya vizuri, yeye anaongezea. Mara nyingi anaambiwa aweke mpira nyuma ya kipira, mahali ambapo ukiangalia unadhani amekosea. Kumbe ni akiba. Mpinzani akikigonga kipira kikarudi nyuma, ule mpira uliodharauliwa ghafla ndio uko karibu zaidi! Mpendwa, wewe unayeomba usiku, wewe unayekaa na waliofiwa wakati wageni wote wamerudi nyumbani, wewe ni mpira wa nyuma. Siku mambo yatagongwa, tutakutafuta.

3. Wa tatu ni macho. Nahodha huwa amesimama upande wa kipira, akiwaonyesha wenzake kwa mikono pa kulenga. Lakini zamu yake ikifika lazima aende kwenye mkeka, na kutoka huko haoni vizuri. Hapo wa tatu anasimama mahali pake na kumwelekeza. Raundi ikiisha, yeye na mwenzake wa timu ile nyingine ndio wanapima na kukubaliana pointi ni ngapi. Nahodha asipokuwa na mtu mkweli hapo, amekwisha.

4. Nahodha anacheza mwisho. Watu wote wanamwangalia, na tukio la mwisho ndilo linasimuliwa. Lakini nahodha hodari hawezi kuokoa raundi ambayo watatu wameiharibu, isipokuwa mara chache sana.

Hapa ndipo nilisimama. Pointi zinahesabiwaje? Unahesabu kila mpira wenu ulio karibu na kipira kuliko mpira wa karibu zaidi wa wapinzani. Kila mmoja ni pointi moja. Ukiwa ni wa mchezaji wa kwanza, pointi moja. Ukiwa ni wa nahodha, pointi moja, si mbili! Pointi haiulizi umecheza wa ngapi.

Mnakumbuka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, 2022? Wanawake wanne wa India walifika fainali ya mchezo huu. Lovely Choubey akacheza wa kwanza, Pinki wa pili, Nayanmoni Saikia wa tatu, na Rupa Rani Tirkey akawa nahodha. Wakaongoza mapema, Afrika Kusini wakawafikia, lakini mwishowe India wakashinda 17 kwa 10. Ilikuwa medali ya kwanza ya India katika mchezo huo, na ilikuwa dhahabu. Mchezaji wa kwanza hakupewa robo ya medali. Kila mmoja alivaa nzima.

Rudi sasa kwa somo letu. Daudi alitoka na watu 600. Mia mbili walichoka, wakabaki kijito cha Besori na mizigo. Waliporudi wale 400 na ushindi, wengine wakasema wale wa mizigo wasipewe nyara. Daudi alikataa kabisa, akaweka sheria: fungu la aliyebaki liwe sawa na la aliyepigana.

Lakini tusimwachie dada huyu mzigo wote. Kumwambia "vumilia, Mungu anaona" ni rahisi, na ni kweli, ila Daudi hakuishia hapo. Alisimama mbele ya watu akawatetea wale wa mizigo. Sisi tunaoshika maikrofoni ndio wakuonyeshwa kidole leo. Miaka sita, na sikujua jina lake. Hilo ni kosa langu, si udhaifu wake. Nimemwomba msamaha.

Na wewe unayetandika, jua hivi: ukiondoka, hakuna nahodha atakayerusha mpira wako.

Ya kujadili kwenye vikundi vya nyumbani:
• Mimi ni mchezaji wa ngapi hapa kanisani, na ninacheza zamu yangu vizuri?
• Kuna mpira wangu mfupi unaowafungia wengine njia?
• Taja mtu mmoja anayehudumu nyuma. Mpigie simu wiki hii, umwite kwa jina.

Ombi: Bwana, nifundishe kucheza zamu yangu vizuri hata kama siuoni mwisho. Na unifungue macho niwaone wanaonibeba. Amina.